Ubinafsi Upi? Kwa Mnaoanza Kuandika Kuhusu Riwaya ya Kifalsafa

Insha yangu ya kwanza kuhusu Atlas Shrugged, riwaya ya Ayn Rand, ilirudi ikiwa na duara kumi na moja za wino mwekundu. Sarufi haikuwa na tatizo. Mhadhiri alikuwa amezungushia neno moja kila lilipotokea: ubinafsi. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika maneno mawili tu, "Ubinafsi upi?" Nilinung'unika wiki nzima, kisha nikaenda ofisini kwake kudai alama zangu. Hakuniongezea hata moja. Alinisogezea kamusi, akaniambia nisome kwa sauti neno nafsi na yote yaliyozaliwa nalo, halafu nirudi nikiwa na swali badala ya malalamiko.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza muhula huu hapa Nairobi, mliopewa au mliochagua mada ya ubinafsi na ubepari katika riwaya ya kifalsafa. Nimewasaidia wanafunzi kadhaa na mada hii tangu nimalize tasnifu yangu, na karibu wote hujikwaa pale nilipojikwaa mimi. Hawajikwai kwenye falsafa. Hujikwaa kwenye Kiswahili chao wenyewe.

Fikirini jinsi tunavyolitumia neno hilo nyumbani. Mama akimwambia mtoto aache ubinafsi, anamwambia amegee mdogo wake andazi. Neno limeshatoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Sasa mwanafunzi anaandika sentensi ya kwanza, "Riwaya hii inaendeleza ubinafsi," na bila kujua amekwisha kumtia hatiani mwandishi ambaye hajamsoma. Kurasa kumi zinazofuata huwa ni kutafuta ushahidi wa hukumu iliyokwisha kutolewa.

Wako wanaokimbilia neno umimi. Nalo lina harufu yake, harufu ya majivuno. Wengine huandika kujitegemea, na hapo nawasihi mtahadhari sana: kujitegemea ni neno la Azimio la Arusha la mwaka 1967, limefungamana na ujamaa wa Tanzania, na ukilitumia kueleza wazo la Ayn Rand utakuwa umemvisha joho la ujamaa alioupinga maisha yake yote. Mimi niliishia kugawa hivi. Uchoyo nilimwachia mtu anayekataa kutoa alichonacho. Kujisimamia nikakutumia kwa mtu anayefikiri kwa akili yake na kukataa kuamuliwa. Ubinafsi nikauweka kwa ile imani kwamba maisha ya mtu ni mali yake, na kwamba hana deni la kuishi kwa ajili ya mwingine. Nililibakiza neno lenye makali kwa makusudi. Rand mwenyewe alichagua neno kali la lugha yake. Mwaka 1964 alitoa kitabu cha insha ambacho tangu kwenye jina kinauita ubinafsi fadhila. Ukimlainishia ukaandika "uhuru wa mtu binafsi" tu, umemficha. Tangazeni tafsiri yenu kwenye aya ya kwanza ya insha, kisha msiiache.

Neno bepari nalo lina safari yake. Lilitujia kutoka Kigujarati, na huko maana yake ni mfanyabiashara. Siasa ndiyo iliyolivika meno. Na kuna kupe. Katika miaka ya ujamaa, kupe alikuwa tajiri mwenye mrija, anayenyonya jasho la mkulima na mfanyakazi. Ndani ya riwaya ya Rand kuna kupe pia, tena wengi, lakini wamegeuzwa: mnyonyaji ni mkubwa wa serikali anayetunga amri, ni ndugu anayedai posho, ni mwenye kampuni anayemtegemea rafiki yake wa wizarani. Mnyonywaji ni mwenye kiwanda. Nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikatembea hadi Uhuru Park na kurudi. Pande mbili zinazochukiana zinatumia mdudu mmoja, zinabishana tu kuhusu nani anayenyonywa. Insha nzima yaweza kujengwa hapo, na bado sijamwona mwanafunzi aliyeijenga.

Historia ya mwandishi isomeni, ila kwa kiasi. Rand alizaliwa mwaka 1905 mjini St. Petersburg. Baba yake alikuwa na duka la dawa, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 Wabolsheviki walilitwaa. Yeye akahamia Marekani mwaka 1926. Riwaya ilitoka mwaka 1957, ina zaidi ya kurasa elfu moja, na inaeleza nchi ambayo watu wake wenye uwezo mkubwa wanaondoka mmoja baada ya mwingine, kama waliogoma, hadi reli, viwanda na taa vinaanza kuzimika. Ukilijua lile duka, unaelewa hasira inatoka wapi. Lakini duka halitoshi kuwa hoja. Nimesoma insha zilizosema, kwa ufupi, kwamba anaandika hivi kwa sababu aliumizwa. Hata walioumizwa huweza kusema kweli. Itabidi uwajibu walichosema.

Nakala yangu niliinunua barabara ya Tom Mboya, kwa muuzaji aliyetandaza vitabu juu ya gunia, jalada limeshikwa na selotepu. Niliisomea ndani ya matatu ya Rongai, kwa kuwa foleni ya jioni inatosha sura nzima. Baadaye ndipo nilipotambua uzito wa jina la ile barabara. Mboya alikuwa waziri wa mipango ya uchumi serikali ilipotoa waraka nambari 10 wa mwaka 1965, ulioitwa wa ujamaa wa Kiafrika, huku ukilinda mali ya watu binafsi na kuukaribisha mtaji wa kutoka nje. Yaani tumeishi miaka yote hii ndani ya nchi ambayo jina na mambo havikukaa pamoja, na ndiyo maana msomaji wa Nairobi ana kitu cha kusema kuhusu mada hii ambacho msomaji wa New York hana. Msikiache mlangoni mwa maktaba.

Nianze na sura ya kusoma mapema. Wengi huanza na hotuba ya redioni ya John Galt, kiongozi wa wale wanaogoma, ile inayochukua muda wa saa tatu, kwa kuwa falsafa yote imewekwa pale na ni rahisi kunukuu. Mimi nawaomba muiache mwisho. Hotuba ni mahali ambapo mwandishi anatuambia. Riwaya ni mahali anapotuonyesha, na mtahini anataka kujua kama mmeona. Anzeni na simulizi ya mzururaji anayekula chakula cha jioni na Dagny Taggart, mwanamke anayeendesha reli, ndani ya treni, akimweleza kilichokipata kiwanda cha Twentieth Century Motor. Wafanyakazi elfu sita walipiga kura kwamba kila mtu afanye kazi kwa kadiri ya uwezo wake na alipwe kwa kadiri ya shida zake. Kikao ndicho kilichoamua shida ya nani ni kubwa. Waliofanya vizuri waliongezewa saa za kazi, hivyo watu wakajifunza kuficha uwezo. Waliofikwa na msiba waligeuka mzigo, majirani wakaanza kuhesabiana watoto.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kama propaganda. Kisha nikakumbuka chama cha mabinamu zangu pale Umoja. Tulikuwa tisa, kila mwezi shilingi elfu mbili, na tulikubaliana kwa moyo mweupe kwamba tusifuate zamu. Apewe mwenye shida zaidi. Mwezi wa kwanza ulikwenda kwa karo, wa pili kwa hospitali, na tulilia pamoja kwa furaha. Kufikia mwezi wa saba, kikao kilikuwa mahakama. Kila mtu alikuja na bahasha ya risiti. Binamu yangu mchomeleaji alipata kazi ya kutengeneza mageti ya nyumba nzima ya kupangisha kule Kayole, akanyamaza kimya, na siku ile alivaa shati lake lililopauka kuliko yote. Bado naikumbuka kola ile. Alikuwa mtu mkarimu, na bado ni mkarimu; utaratibu ulimfundisha kuficha mkono wake.

Basi Rand aliona kitu cha kweli, na insha isiyokiri hilo haina uaminifu. Lakini sikilizeni kilichofuata. Chama chetu hakikufa. Shangazi mmoja alikuja, akasikiliza, akatuandikia kanuni kwenye daftari la hesabu: zamu irudi, na kila mwezi mia tatu ziingie mfuko wa dharura, nao mfuko usiguswe bila watu sita kukubali. Kinaendelea hadi leo. Ndani ya riwaya hakuna shangazi huyo. Ama unaishi kwa shida za wengine ama unaondoka. Hapo ndipo nilipopata ubishi wangu wa kwanza wa haki dhidi ya kitabu, na niliupata sebuleni. Kila mmoja wenu ana sebule ya namna hiyo. Itumieni, ila ielezeni kwa makini kama mnavyoeleza sura ya kitabu.

Tukio la pili la kukaa nalo ni bangili. Hank Rearden anahangaika miaka kumi kutengeneza aina mpya ya metali. Siku ya kwanza inapomiminwa, anafua bangili kutoka kwenye mmimino huo na kumpelekea mkewe. Mkewe anaiona kama pingu, anaivaa kwa dhihaka. Baadaye, kwenye karamu, Dagny anavua bangili yake ya almasi na kuibadilisha na ile ya chuma. Mnaona ubepari umegeuzwa nini hapo? Umeondolewa kwenye pesa ukapelekwa kwenye kazi iliyopendwa. Thamani haipo sokoni, iko kwa anayejua kitu kimegharimu nini kukitengeneza. Mkiandika kwamba riwaya hii "inatukuza pesa" mtakuwa mmesoma karibu, lakini pembeni. Inatukuza muumbaji, na inaamini kwamba soko huru humlipa muumbaji kwa haki. Sehemu ya pili ndiyo dhaifu zaidi. Mchomeleaji wa Kayole aliumba mageti mazuri. Malipo yake yalicheleweshwa miezi minne na mwenye nyumba, mtu binafsi, bila amri yoyote ya serikali.

Sasa wekeni kando ya Rand riwaya yetu, maana mada inapata uhai ikiwa na mwenzake. Mimi nilimchagua Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975. Tumaini ana mashamba, siasa ya ujamaa inayafikia, naye anamuua Mkuu wa Wilaya na kuhukumiwa kifo. Mlinganisheni na Ellis Wyatt wa Rand, mwenye visima vya mafuta huko Colorado: amri zinapombana, anavitia moto na kutoweka. Tukio ni lile lile, mwenye mali na mkono wa dola. Lakini Rand amemwandalia Wyatt bonde la siri milimani, ambako wagomaji wanaishi na kufanya biashara kwa sarafu za dhahabu. Kezilahabi hakumpa Tumaini bonde. Alimpa kitanzi, na akatuachia dunia yenye fujo bila kutuambia nani alikuwa sahihi. Msiniulize ni ipi kubwa zaidi kama riwaya. Moyo wangu uko kwa Kezilahabi, na sitaki ninyi mrithi moyo wangu.

Kosa jingine ni kusema kwamba ubinafsi ni wa Wazungu na Mwafrika ni wa jamii, kisha kunukuu kauli ya mwanafalsafa wa Kenya John Mbiti ya mwaka 1969 kwamba niko kwa kuwa tuko, na kufunga mjadala. Mbiti hakuiandika ili itumike kama kufuli. Na hapa hapa Nairobi, Odera Oruka aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee vijijini, akawahoji mmoja mmoja, kwa majina yao, akitafuta wale waliothubutu kuhoji mila za jamii zao badala ya kuzirudia tu. Kitabu chake kuhusu wahenga hao kilitoka mwaka 1990. Kujisimamia kwa akili kulikuwapo kwetu bila bonde la Colorado. Tena wengi wa wazee hao walikuwa watu wa kufuatwa na majirani kwa ushauri: walifikiri peke yao wakiwa katikati ya watu. Rand hana mhusika wa namna hiyo.

Au pengine anaye mmoja, nami humwomba kila mwanafunzi amfuatilie kuanzia ukurasa wa kwanza. Eddie Willers. Si gwiji wala mvumbuzi. Ni msaidizi mwaminifu wa Dagny kwenye reli, mwenye bidii, asiyemnyonya mtu. Ndiye anayeulizwa na ombaomba lile swali la kufungua riwaya, John Galt ni nani. Magwiji wanapokwenda bondeni, yeye hachukuliwi. Mara ya mwisho tunamwona jangwani Arizona usiku, treni imekufa, abiria wameondoka na msafara wa magari ya kukokotwa na wanyama, naye amebaki kwenye reli mbele ya kichwa cha treni. Tukio hilo ni fupi. Lisomeni siku mliyotulia, mkiwa na penseli, kisha andikeni aya moja tu kuhusu kwa nini mwandishi alimwacha pale, bila kutumia neno ubinafsi. Mkimaliza, nileteeni hiyo aya kwanza, kabla ya insha.