Pedali za kunasa: geuza kiatu kwanza

Ukiulizia pedali za kunasa, yaani zinazoshika kiatu, kwa ajili ya baiskeli ya barabarani, muuzaji huanza na uzito na aina ya beringi. Hayo yasubiri. Geuza kiatu uhesabu matundu kwenye soli, kisha jiulize ukishuka utatembea kiasi gani. Ukishajibu hayo mawili, nusu ya pedali zilizo rafuni hazikuhusu tena.

Matundu mawili ni ya SPD, mfumo wa Shimano. Kliti yake, yaani kipande kinachofungwa chini ya kiatu ili pedali ikinase, ni ndogo, ya chuma, imezama ndani ya soli, hivyo unatembea kama kawaida. Pedali zake nyingi hunasa pande zote mbili. Kama safari zako ni za kusimamasimama kwenye mataa, au unabeba baiskeli kupanda ngazi, chukua hizi bila aibu. Utaambiwa zinapoteza nguvu, lakini kinachobeba nguvu ni ugumu wa soli.

Matundu matatu ni ya kliti pana za plastiki: Look Keo na SPD-SL ya Shimano. Mtindo huu uliletwa na Look ya Ufaransa mwaka 1984, kampuni iliyotokea kwenye vinasio vya viatu vya skii, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa juu yake. Mguu unakaa mahali papana, nyayo haziungui kwenye safari ndefu. Hasara yake ni kutembea: kliti imetokeza nje, inateleza kwenye vigae na kulika kwenye lami. Matundu yanafanana, lakini kliti ya Keo hainasi kwenye pedali ya SPD-SL. Speedplay, aina nyingine ya pedali, yenyewe ina matundu manne, na huja na kipande cha kuiunganisha na soli ya matatu. Inanasa pande zote mbili, ila kinasio chenyewe kiko ndani ya kliti, kwa hiyo ukikanyaga tope, tope linaingia humo humo.

Jambo linaloumiza magoti ya watu wengi ni nafasi ya kisigino kucheza kabla kliti haijaachia. Hapa rangi za kliti zinadanganya. Kwa Shimano, njano ni digrii 6, bluu 2, nyekundu 0. Kwa Look Keo, nyekundu ni 9, kijivu 4.5, nyeusi 0. Aliyezoea nyekundu ya Look akinunua nyekundu ya Shimano, mguu wake umefungwa kabisa! Anza na njano au kijivu. Sifuri ni ya mtu aliyeshapimwa vizuri na anayejua kwa nini anaitaka.

Kuhusu bei, pedali ya daraja la kati inatumia kliti zile zile za pedali ghali. Fedha inayobaki nunulia kliti za akiba.

Kufunga sasa. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ili usichanganyikiwe, simamisha mpini wa spana juu: kuukaza unausukuma kuelekea mbele ya baiskeli, kulegeza unauvuta nyuma, pande zote mbili. Kuna pedali za spana ya milimita 15, na kuna za spana ya L ya milimita 8 au 6. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, anza kwa vidole. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, kwa sababu ukilazimisha unaharibu nyuzi za kranki (mkono unaobeba pedali), na kranki ya alumini haisamehe.

Kwenye kiatu, papasa nundu iliyo nyuma ya kidole gumba cha mguu na ile ya kidole cha mwisho, uziwekee alama. Ekseli ya pedali ipite katikati ya alama hizo, au nyuma yake kidogo. Kliti ikiwa mbele mno, shavu la mguu na kano ya kisigino ndizo zitakazolalamika. Pembe ya kliti ifuate mguu unavyoning'inia ukiwa umekaa ukingoni mwa meza. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, hadi Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 au 6. Kabla ya kutoa kliti ya zamani, ichore mzingo wake kwenye soli, la sivyo utatafuta mahali pake wiki nzima.

Legeza springi ya pedali hadi mwisho wake wa chini, kisha shika ukuta, nasa na ufungue mara ishirini kila mguu kwa kusukuma kisigino nje. Barabarani, fungua mguu mmoja mapema kabla ya kusimama. Ukianza kuchomoka unapokanyaga kwa nguvu, angalia kliti kwanza kabla ya kukaza springi, kwani mara nyingi pua yake imelika.

Baada ya safari mbili tatu, kaza tena skrubu za kliti. Kwenye SPD yenye skrubu mbili, moja ikidondoka, kiatu kinazunguka juu ya kliti huku kliti imebaki imenaswa, hata upinde kisigino vipi. Hapo hakuna ujanja: endelea kukanyaga taratibu, fungua mguu wa pili, simamia huo, kisha vua kiatu ukiache kwenye pedali.