Wagombea wote wa chama kimoja, mbona karatasi yangu haina majina yao?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa ni raia wa Marekani, naishi Florida. Nilijiandikisha kupiga kura bila kuchagua chama. Ukamishna wa kaunti yetu unagombewa na watu wawili, wote Republican. Kwenye kundi letu la WhatsApp ulizunguka ujumbe wa sauti kwamba wagombea wakiwa wa chama kimoja, sheria inamruhusu kila mtu kupiga kura ya mchujo. Karatasi yangu imekuja kwa posta, ukamishna haumo. Nimedhulumiwa?

JIBU: Pole dada, lakini uwezekano mkubwa karatasi yako iko sahihi. Kilichokosewa ni ule ujumbe wa sauti, na kila mwaka wa uchaguzi, Agosti ikikaribia, napigiwa simu za namna hii hadi usiku.

Mchujo ni uchaguzi wa Agosti wa kumpata mgombea wa chama, na Florida kwa kawaida wanaupiga waliojiandikisha na chama hicho tu. Aliyeutuma ujumbe alishika nusu ya sheria. Mwaka 1998 wapiga kura wa Florida waliingiza kifungu kwenye katiba ya jimbo lao: wagombea wote wakiwa wa chama kimoja, na mshindi wao akawa hana mpinzani kwenye uchaguzi mkuu, mchujo huo ni wa wote. Watu wanakariri masharti ya kwanza, ya pili wanayaacha, na jambo lako liko kwenye hayo ya pili.

Fungua orodha ya wagombea ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako. Nategemea utakuta jina la tatu, pembeni limeandikwa Write-In. Huyo ni mgombea wa kuandikwa kwa mkono. Mgombea wa chama analipa asilimia 6 ya mshahara wa mwaka wa cheo anachokitaka. Huyu halipi hata senti, wala hakusanyi saini. Jina lake halichapwi popote. Karatasi ya Novemba itakuwa na mstari mtupu na kiduara cha kutia wino, basi. Lakini anahesabiwa kuwa mpinzani, na kwa ajili yake mchujo unafungwa kwa wote wasio wa chama. Malalamiko kwamba wengine hupachikwa makusudi ili mlango ufungwe ni ya miaka mingi, na nayaona yana haki. Mwaka 2020 pendekezo la kufungua michujo ya ugavana na bunge la jimbo lilipata asilimia 57 ya kura, likaanguka kwa sababu Florida inadai 60.

Kinachoniumiza zaidi ni imani kwamba kujiandikisha bila chama ndiyo uhuru. Pale ambapo chama kimoja kimeshika kaunti nzima, kamishna anapatikana Agosti. Wewe unabakiziwa majaji na bodi ya shule, ambao hawagombei kwa chama.

Dawa ipo kwenye kalenda. Kurudisha fomu za kugombea nafasi za kaunti hufungwa saa sita mchana, siku ya 67 kabla ya mchujo. Mwisho wa kubadili chama ni siku ya 29. Hapo katikati una siku 38 za kusoma orodha kamili na kuamua. Kubadili ni bure, na baada ya uchaguzi unaweza kurudi ulikokuwa. Ndugu zako wa majimbo mengine wasiige haya: kila jimbo lina sheria zake.

Sasa nikuulize: fomu yako ya kujiandikisha kupiga kura uliijaza mwenyewe? Wengi wanaonipigia walijaziwa na vishoka wanaozunguka kwenye harusi na misiba yetu, wakitoza dola 20 kwa kazi isiyo na malipo. Kishoka anatia alama "bila chama" kwa kila mtu ili amalize haraka. Hilo linarekebishika. Lisilorekebishika ni kisanduku cha kwanza kabisa cha fomu, kinachouliza kama wewe ni raia. Nimeona fomu ya mama mwenye grini kadi, yaani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, imewekwa alama ya ndiyo, saini yake chini, na yeye hajui kilichoandikwa. Huko ni kudai uraia usio wako, na unaweza kufukuzwa nchini hata kama hujawahi kukanyaga kituo cha kura. Mwenye grini kadi asiguse fomu hiyo, hata aambiwe nini na nani.