Soma Tarehe Kabla ya Sifa: Kununua na Kuandaa Kahawa Iliyokaangwa Karibuni

Wanaoniuliza waanzie wapi katika kununua kahawa ya daraja la juu, mimi huwajibu waugeuze mfuko na kutafuta siku ambayo kahawa hiyo ilikaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haitoshi, kwa sababu inaweza kupangwa mwaka mzima mbele au zaidi, na mnunuzi asijue kama punje zilizomo zilikaangwa juma lililopita au miezi minane iliyopita. Mkaangaji asiyeandika siku aliyokaanga huenda ana sababu zake, lakini fedha yangu huipeleka kwingine.

Kahawa hiyo ya daraja la juu, au kahawa maalumu kama inavyoitwa katika biashara, ina kipimo chake. Waonjaji waliofunzwa hukaanga sampuli ya buni, huisaga, huionja na kuipa alama kati ya 100, na kahawa inayofikisha alama 80 ndiyo huingia katika daraja hilo. Kwa sehemu kubwa huwa ni ya aina ya arabika, ambayo kafeini yake ni takriban nusu ya ile ya robusta, aina nyingine kuu ya kahawa. Alama hizo, hata hivyo, hutolewa kahawa ikiwa katika hali yake njema. Kahawa ya alama 88 iliyokaa rafuni nusu mwaka baada ya kukaangwa, kwa ulimi wangu, hushindwa na ya alama 82 iliyokaangwa wiki mbili zilizopita, na hii ya pili kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu.

Hata hivyo, kahawa iliyokaangwa jana si lazima iwe bora kuliko ya wiki iliyopita, na jambo hili huwashangaza wengi. Moto wa kukaangia huzalisha gesi ya kaboni dioksidi ndani ya punje, na gesi hiyo hutoka polepole kwa siku nyingi, ingawa kwa wingi zaidi katika siku za mwanzo. Ndiyo sababu mifuko mizuri hutiwa vali ndogo inayoiruhusu gesi kutoka bila kuiruhusu hewa ya nje kuingia. Ukiiandaa kahawa mapema mno, gesi huyazuia maji kuulowesha unga sawasawa, na kikombe hutoka na ladha kali isiyotulia. Kwa kahawa ya kuchuja mimi husubiri hadi siku ya 5 au ya 7. Ile iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi nyepesi, huipa siku 10 au hata 14. Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hudai subira zaidi, kwa kuwa maji hupita kwa shinikizo kubwa na gesi iliyozidi huuvuruga mkondo wake. Baada ya mapumziko hayo huja majuma kadhaa ya neema, kisha oksijeni huanza kuila harufu, na kinachobaki ni kahawa inayonyweka lakini isiyosema kitu.

Kwa hiyo nunua kidogo, mara kwa mara. Mfuko wa gramu 250 hutoa vikombe 16 hivi vya gramu 15 kila kimoja, na mtu anayekunywa kikombe kimoja kwa siku ataumaliza ungali na ladha yake. Mfuko wa kilo moja huonekana nafuu, lakini kwa mnywaji wa aina hiyo nusu yake ya pili italiwa na hewa.

Katika maelezo mengine ya mfuko, linalonisaidia zaidi ni namna kahawa ilivyoandaliwa baada ya kuvunwa. Kahawa iliyooshwa ni ile iliyomenywa ganda na kuondolewa utelezi kabla ya kuanikwa, nayo kwa kawaida huwa na ladha safi, yenye uchachu mwangavu unaofanana na wa machungwa au tufaha. Iliyoanikwa pamoja na tunda lake huwa nzito zaidi, tamu, na wakati mwingine hunukia kama tunda lililoanza kuchachuka. Wengine huipenda sana, nami huinunua mara chache. Mwinuko wa shamba nao una maana, kwa sababu baridi ya nyanda za juu huchelewesha tunda kuiva na punje huwa ngumu zaidi. Daraja la AA katika kahawa ya Kenya kwanza hueleza ukubwa wa punje, wala halithibitishi ladha. Yale maneno kuhusu chokoleti, maua na matunda ni mifano ya kumsaidia mnunuzi. Hakuna kilichotiwa ndani. Punje nyeusi zinazong'aa kwa mafuta zimekaangwa sana, na kwa kuwa mafuta yake yameshatoka nje na kukutana na hewa, huchakaa upesi.

Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu cha maana, kiwe mashine ya kusagia. Kahawa ikishasagwa, sehemu inayokutana na hewa huongezeka mno, na harufu uliyoilipia huanza kupotea ndani ya dakika chache. Hivyo saga kiasi cha kikombe unachotaka kunywa, wakati huo huo. Mashine ya visu vinavyozunguka, mfano wa blenda, hukata ovyo: chembe nyingine huwa vumbi na nyingine vipande, vumbi likatoa uchungu na vipande vikatoa uchachu katika kikombe kimoja, na hakuna hila ya kumimina maji itakayokiokoa. Mashine yenye meno mawili yanayosagana hutoa chembe zinazokaribiana ukubwa. Ya kuzungusha kwa mkono inatosha kabisa, na mara nyingi huishinda ya umeme ya bei ileile.

Kifaa cha pili ni mizani. Kijiko hudanganya, kwa kuwa punje zilizokaangwa sana ni nyepesi kuliko zilizokaangwa kidogo. Mimi huanza na gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, yaani gramu 60 kwa lita moja. Maji yawe kati ya nyuzi 90 na 96, ya moto zaidi kwa kahawa iliyokaangwa kidogo. Aliye kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi ayatumie yakitoka jikoni. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 98 ya kikombe cha kahawa ya kuchuja ni maji, yasiyo na ladha nzuri hayatafichwa na kahawa. Madini kidogo ya kalsiamu na magnesi husaidia kuikamua ladha. Maji magumu sana huufisha uchachu, na yaliyoondolewa madini yote hutoa kahawa bapa.

Karatasi ya kuchujia, ambayo mvumbuzi wake, Melitta Bentz, aliisajili Ujerumani mwaka 1908, hubakiza mafuta mengi ya kahawa, yakiwemo yale yanayopandisha lehemu mwilini. Anayetumia birika la chujio la wavu hupata kinywaji kizito zaidi pamoja na mafuta hayo. Mimi hutumia karatasi. Huisuuza kwa maji ya moto ili kuondoa harufu yake, hutia unga, kisha humimina maji gramu 40 hivi na kusubiri kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Unga ukiumuka na kutoa mapovu, gesi ingalimo. Ukitulia tu kama tope, kahawa hiyo huenda imezeeka, hata mfuko useme nini. Maji yaliyobaki humimina kwa awamu mbili au tatu, na yote yakamalizika kushuka ndani ya dakika 3 hivi.

Kisha onja, ubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Kikombe kichachu, chepesi, kinachoishia haraka mdomoni hakijakamuliwa vya kutosha: saga laini zaidi. Kikiwa kichungu na kuukausha ulimi kimekamuliwa kupita kiasi: saga chenga zaidi. Uzito wa kahawa na maji usiuguse hadi usagaji utulie, maana ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikusaidia.

Uhifadhi hauna mengi: chombo kisichopitisha hewa, mbali na mwanga, joto na unyevu. Jokofu la kawaida silipendekezi, kwa sababu ya unyevu na harufu za vyakula. Friza ni jambo jingine, mradi kahawa igawanywe katika vifungo vidogo vilivyozibwa vizuri, na kila kifungo kiachwe kipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utazilowesha punje. Mfuko ulio wazi hubadilika kila siku. Ukifika robo ya mwisho utaona maji yanashuka haraka kuliko mwanzo na kikombe kinapungua uzito, na hapo nusu hatua ya kusaga laini zaidi hutosha kuurejesha.