Maswali na majibu: Sakafu ya chumba kinachoingia maji

Masika haijaisha na simu yangu imejaa ujumbe wa watu wanaotaka kujua waweke sakafu gani. Nimechagua maswali saba. Yale yaliyorudiwa mno nayajibu mara moja, sirudii.

Barabara ya mtaa wetu iliinuliwa ikawekwa lami. Sasa nyumba yetu iko chini, unashuka ngazi mbili kuingia sebuleni, na mvua kubwa ikinyesha maji yanatufuata ndani. Mfuko ni mdogo. Niweke marumaru au nipige niru (saruji laini ya kumalizia sakafu)? – Baba wa familia, Mbagala

Kaka, piga niru. Lakini usianze na niru. Kila anayeniandikia namuuliza swali moja na wengi hawanijibu: maji yanaingilia wapi? Mlangoni, chini ya ukuta, au yanachimbuka sakafuni kwenyewe? Kila njia ina dawa yake, na hakuna hata dawa moja kati ya hizo inayouzwa duka la marumaru.

Yakiingilia mlangoni, jenga tuta la zege kizingitini, kimo chake kipite ile alama ya matope iliyobaki ukutani, kisha uteremke kwa ngazi upande wa ndani. Yakitokea chini ya ukuta, maana yake udongo wa nje umepanda kupita jamvi la nyumba, yaani zege la sakafu. Uondoe, kisha piga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji kwa nje. Kwa ndani utakuwa unapamba tu. Yakichimbuka sakafuni, yaelekea fundi wa mwanzo hakutandika nailoni. Hapo itakubidi umwage zege jipya juu ya jamvi la zamani, nailoni ngumu ikae katikati na ipande ukutani pande zote. Kabla ya hapo pima mlango na dari. Nimeingia nyumba iliyopandishwa sakafu mara tatu, mwenyewe anainama kupita mlangoni kwake, na maji bado yanaingia kwa sababu mfereji wa nje umejaa taka na hakuna aliyeugusa.

Ukishaziba njia, chumba cha mita 3 kwa 4 kitakula mifuko kama minne ya saruji ya kilo 50 kwa tabaka la sentimita 4, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga. Mfuko wa tano ni wa niru na marekebisho. Mwambie fundi aweke mwinamo, sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mlangoni, ili siku maji yakiingia uyasukume kwa fagio yakusanyike hapo, kisha uyachote nje. Niru ipande ukutani walau sentimita 15, usiweke ubao wa pembeni. Mwagilia maji siku saba. Fundi akikuambia uingize kabati kesho yake, mkatalie.

Marumaru si mbaya, zinavumilia maji. Shida yake ni ubandikaji. Mafundi wengi hupiga madonge matano ya saruji, pembe nne na katikati, wakabandika. Chini hubaki uwazi, maji machafu hupenya kwenye grauti (saruji ya kuziba viungo), hukaa humo, na chumba kinanuka hadi masika ijayo. Gonga marumaru za kwako kwa sarafu: palipo na uwazi pana sauti yake. Ukipata hela baadaye zibandike juu ya niru iliyochokonolewa ikawa na meno, gundi itandazwe chini yote bila kuacha nafasi.

Marumaru zipi hazipitishi maji? – Msomaji, Tandale (na wengine sita)

Marumaru nzima ya sakafuni haikuletei mafuriko. Maji yanapita kwenye viungo, chini ya mlango na ukutani. Msiniulize tena marumaru zipi kabla hamjaniambia maji yanaingilia wapi.

Chumba cha watoto kimeingia maji mara mbili mwaka huu. Nataka kapeti la manyoya wasikanyage baridi. Lipi la bei nafuu linadumu? – Mama wa watoto wanne, Kigogo

Hakuna, mama. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni afya ya watoto. Maji yanayoingia Kigogo si ya mvua peke yake. Mvua ikikolea wapo majirani wanaotapisha vyoo vyao ili mafuriko yazoe kinyesi. Sote tunaujua mchezo huo, tunaunyamazia, na ndiyo maana kipindupindu hakitutoki. Maji hayo yakilowesha kapeti la manyoya, huwezi kulifua likatakata. Utalianika, litakauka juu, chini litabaki na unyevu na vimelea, na mtoto mdogo atatambaa humo. Kapeti lililolowa maji ya mafuriko hutupwa.

Chukua mkeka wa plastiki uliosukwa. Unaukunja wingu likitanda, unauning'iniza, unausugua kwa sabuni, unatandika tena. Kapeti la plastiki la kukata kwa mita nalo sawa, mradi usiligundishe sakafuni, ulitandike tu ili ulinyanyue. Hela ya manyoya nunulia kitanda chenye miguu mirefu.

Tumenunua nyumba Columbus, Ohio. Familia ni kubwa, tumetoka Bukavu, vijana wanalala besimenti. Theluji ikiyeyuka maji yanatokea pembeni. Duka linatuuzia laminati wanayosema haiingii maji. Ni kweli? – Baba, Ohio

Mzee wangu, kwanza vijana. Chumba cha kulala chini ya ardhi huko kwenu kinatakiwa kuwa na dirisha la kutokea wakati wa hatari, ambalo mtu mzima anapita. Kama halipo, wasilale huko, sakafu iwe ya dhahabu au ya udongo.

Laminati nyingi ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukinywa maji unavimba, na haurudi ulivyokuwa. Hiyo ya "haiingii maji" inavumilia glasi ya maziwa iliyomwagika juu ukaifuta. Mafuriko yanakuja kwa chini. Vipande vya vinaili (plastiki ya sakafuni) vyenyewe haviozi, ila maji yakinaswa chini yake itabidi uving'oe vyote ukaushe zege, vinginevyo ukungu utaota usivyouona.

Zege mnalo tayari. Lisafisheni, zibeni nyufa, mtandike mazulia madogo yanayobebeka. Hela iliyobaki ipelekeni nje: mabomba yanayoshusha maji ya paa yaongezwe yamwage mbali na msingi, mita 2 au zaidi, na udongo uinamie mbali na ukuta. Kama kuna shimo la pampu, pampu iwe na betri ya akiba, maana dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyohiyo inayokata umeme. Na jenereta isiwashwe ndani hata dakika moja, moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

Hukuniuliza bima, ila nitakwambia. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko, na maji taka yanayorudi kupitia bomba yanahitaji nyongeza yake. Ile bima ya mafuriko ya mpango wa taifa kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, na sakafu ya urembo ya besimenti hailipi. Kwa hiyo mkiweka sakafu ya gharama kule chini, hasara ni yenu wenyewe.

Sakafu inatoa unga mweupe. Fundi anasema akipaka rangi ya mafuta utaisha. – Dada, Tanga

Hautaisha. Ule ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka chini, na rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Kata kipande cha nailoni futi moja na nusu kila upande, kigandishe sakafuni kwa utepe kingo zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake au saruji imebadilika rangi, unyevu unatoka ardhini: usipake wala usibandike chochote mpaka umeukata. Na mwulize fundi wako mchanga aliutoa wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nyumba inaumwa kabla haijahamiwa.

Nimepata kiwanja cha bei rahisi kando ya Mto Msimbazi. Niweke sakafu gani itakayostahimili maji? – Kijana anayeanza maisha, Dar es Salaam

Usinunue. Mto ule unakusanya maji kuanzia vilima vya Pugu na kuyashusha yote bondeni kabla ya bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata ukijenga jahazi, siku ya kubomolewa huna pa kudai. Desemba 2011 watu walikufa mabondeni humo, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Anayekuuzia kwa bei rahisi anakumbuka. Mwanangu, hiyo hela kapange chumba kwenye mwinuko, uendelee kujikusanya.

Maji yametoka, matope yamebaki. Nianzie wapi? – Bibi mwenye wajukuu, Jangwani

Shikamoo bibi. Anza na umeme. Mtu asikanyage maji ndani kabla swichi kuu haijazimwa, na kama swichi yenyewe imelowa msiiguse, mwiteni fundi umeme. Soketi zilizo chini zihamishiwe juu ya alama ya maji.

Matope yaondolewe yangali mabichi, yakikauka ni kazi mara tatu. Vijana wavae viatu vya mpira na glovu, wewe na wadogo mkae pembeni. Sugueni kwa sabuni, msuuze, ndipo mpake klorini, ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji. Klorini juu ya tope haifanyi kazi. Na msiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, hewa yake inachoma mapafu.

Fanyeni hayo mapema, siku ya kwanza au ya pili, kabla ukungu haujaota. Kisha madirisha na milango wazi mchana kutwa, magodoro yaliyolowa yatoke moja kwa moja yasirudi. Jioni bandikeni kile kipande cha nailoni nilichomwelekeza dada wa Tanga. Siku mtakayokikuta kikavu asubuhi, tandikeni mikeka.