Karatasi ya nauli ndiyo inayotoa siri

Wiki iliyopita tumepata ujumbe kutoka kwa katibu wa kikundi cha WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) jijini Tanga. Watafiti wa chuo wanataka wanakikundi 40 wahojiwe kuhusu ufuasi wa dawa na unyanyapaa, na wachache kati yao wafundishwe kuwahoji wenzao. Anauliza: "Tukubali, au ndio walewale wa kuja na daftari na kuondoka na shukrani?"

Kubalini, ila ingieni kabla dodoso halijaandikwa. Hiyo si fadhila ya kuombea. Mwaka 1983, kule Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walitamka kwamba hawataki kuitwa wahanga, na kwamba lazima wawemo katika maamuzi. Mwaka 1994 mjini Paris, nchi 42 zikaiwekea sahihi kanuni ya kuwashirikisha. Na Tanga haikungoja kufundishwa na Paris. Miaka hiyohiyo ya 1990, Tanga AIDS Working Group ilikuwa inawaunganisha waganga wa jadi na madaktari katika kazi moja ya kuwatunza wagonjwa. Ndiyo maana inauma mradi unapoingia mkoa huu ukidhani jamii ni kisima cha kuchotea majibu.

Vibali havina mjadala mrefu. Utafiti wa afya kwa binadamu hupita kamati ya maadili, na cheti cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Mtafiti mgeni kutoka nje aonyeshe pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ombeni nakala, someni tarehe ya mwisho, basi.

Tuje kwenye karatasi ya nauli, maana hapa ndipo siri inapovuja na hakuna anayeshtuka. Dodoso lina namba tupu, simu ya mhoji ina nywila, kila kitu safi. Jioni inazungushwa karatasi moja: jina kamili, mtaa, namba ya simu, kiasi, sahihi. Juu yake, kwa herufi kubwa: MAHOJIANO YA WAVIU. Mtu wa kumi anawasoma tisa waliomtangulia. Kisha karatasi inakwenda kwa mhasibu, inatolewa nakala mbili, inalala wiki nzima kwenye meza ya mtu ambaye hajafundishwa neno lolote kuhusu usiri. Mhasibu hana kosa, yeye anatafuta kithibitisho cha fedha. Kila mtu apewe kikaratasi chake peke yake, kichwa chake kiseme "kikao cha afya ya jamii", na akishasaini kitiwe kwenye bahasha palepale. Mkubaliane hivyo na mhasibu kabla bajeti haijapita, kwa sababu siku ya malipo atawaambia utaratibu haumruhusu. Kulipa kwa simu kunaonekana salama zaidi, lakini ulizeni kwanza ujumbe utakuja na jina la nani, na simu yenyewe hushikwa na nani nyumbani.

Namba ya CTC, yaani ya kliniki ya tiba na matunzo anakochukulia dawa, msiitumie kama namba ya utafiti. Tarakimu zake za mwanzo zinataja mkoa, wilaya na kituo. Tungeni zenu, 01 hadi 40, na zisifuate mpangilio wa majina kwenye rejista ya kikundi. Daftari la majina na namba likae kwa mtu mmoja, kwenye sanduku lenye kufuli, na madodoso yakae kwa mwingine. Nakala ya fomu ya ridhaa ni haki ya mhojiwa, ila muulizeni kama anataka kwenda nayo nyumbani au mumtunzie. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ambaye si wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Mhoji asitoke mtaa mmoja na mhojiwa: wa Makorora aende Chumbageni. Na pikipiki yenye stika ya mradi isiegeshwe mlangoni pa mtu, jamani.

Sasa maswali. "Umewahi kunyanyapaliwa?" Wengi watasema hapana, kwa kuwa neno hilo ni la semina. Ulizeni tendo. Kuna aliyekutengea kikombe? Kuna shughuli ya mtaani ambayo wenzako wote waliitwa kupika, wewe ukaachwa? Kuna mteja aliyeacha kununua maandazi yako? Swali moja libebe jambo moja. Ukiuliza "ulitengwa au kutukanwa?" ukajibiwa ndiyo, hujapata kitu.

"Unameza dawa vizuri?" nalo hujibiwa ndiyo. Hesabuni. Mtu kachukua kopo la vidonge 90 tarehe 3 Machi na kuanza usiku huohuo. Mchana wa tarehe 2 Mei amepita usiku 60, koponi vibaki 30. Mkikuta 39, tisa havikumezwa: 51 kwa 60 ni asilimia 85. Kabla ya kuandika, ulizeni kama alikuwa na masalio ya kopo la zamani, na kama vingine amevihamishia kwenye mfuko ili kopo lisipige kelele kwenye pochi. Wapo pia wanaomwaga vidonge wakijua mnakuja, hivyo ombeni ruhusa muone tarehe na jibu la kipimo cha wingi wa virusi. Na mhojiwa mwenye virusi juu anayeapa kwamba hakosi dozi msimwite mwongo upesi. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD, kidonge cha kufubaza virusi, haifyonzwi vizuri ikimezwa pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, au ikimezwa bila chakula pamoja na vidonge vya kuongeza damu au kalisi. TLD imezwe saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake. Swali hilo liwemo kwenye dodoso.

Ratiba ifuate maisha ya watu. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika wakati wa mbalamwezi. Mkienda siku za giza, wao wako baharini, mtahoji wake zao peke yao, kisha mtaandika kwamba wanaume hawashiriki. Walioko dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, waulizwe wamebeba vidonge vya siku ngapi. Ramadhani msipange mahojiano ya alasiri, na ulizeni dozi imehamia futari au daku.

Kila mhoji awe na jina la muuguzi wa CTC na la WAVIU mshauri aliyekubali kupigiwa, pamoja na njia ya kufika Dawati la Jinsia la polisi. Anayelia mahojiano yasimame. Aliyeacha dawa asindikizwe kliniki wiki hiyohiyo, asingoje tarehe ya kadi.

Matokeo yasomwe kikundini kwa Kiswahili kabla hayajachapwa, na liandikwe hilo kwenye makubaliano. Siku hiyo mtafute sentensi za aina hii: "mjane, fundi cherehani, miaka 47, Tongoni". Jina halipo, lakini Tongoni nzima inamjua. Andikeni "mwanamke wa zaidi ya miaka 40", na kundi lolote lenye watu chini ya watano kwenye jedwali liunganishwe na jirani yake.