Nilichora Kwanza, Nikauliza Baadaye

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia. Anatengeneza mashine ya kubangua korosho, anauliza anunue bamba la chuma la unene gani. Nilicheka, kisha roho ikaniuma. Na mimi nilianza na swali hilohilo, likanila mwaka mzima.

Nilisoma ufundi, nikarudi Mtwara na kompyuta na majivuno. Bibi zangu wamebangua kwa mikono tangu sijazaliwa. Nikawaona watu wa kuokolewa, si wa kuulizwa. Nikajifungia, nikachora, nikachomelea. Nafasi kati ya visu viwili niliifunga moja kwa moja, kwa kipimo cha korosho kumi nilizookota nyumbani. Kumi! Nikaipeleka kwa kikundi cha akina mama Newala, nimevaa shati jipya kwa ajili ya picha.

Korosho kubwa zilisagika. Ndogo zilipita salama na maganda yao. Za katikati zikatoka vipande, na huku Kusini nani asiyejua kwamba punje nzima na vipande haviuzwi bei moja? Bibi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi umezitoa kwenye mvuke lini?" Nikamjibu, asubuhi hii. Hakusema kitu. Kile kimya chake sijakisahau mpaka leo. Mashine ilirudi Mtwara juu ya guta.

Baadaye nilirudi kwake mikono mitupu, nikakaa jamvini siku tatu. Anaitikisa korosho ghafi sikioni: ikilia, punje imekauka na kuachana na ganda, ikinyamaza, inarudi juani. Zikitoka kwenye mvuke hulala usiku kucha zipoe, ganda likatike badala ya kubonyea. Vidoleni anapaka majivu, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Na mimi mdomo wa kutolea maganda nilikuwa nimeuweka usawa wa mkono wa mwendeshaji!

Lakini kubwa ni hili. Kabla ya kubangua, mkono wake ulikuwa unazitenga korosho mafungu matatu kwa ukubwa. Nikamuuliza kwa nini anatenga. "Sitengi, mjukuu wangu, nazisogeza tu." Miaka yote hiyo anatenga, mwenyewe hajui. Ningemhoji kwa karatasi ya maswali nisingelipata hilo kamwe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, bamba acha kwanza. Nenda kabla hujanunua chuma. Tazama mikono, midomo baadaye. Yaandike siku ileile, kesho utaandika unachokitaka wewe. Na ukienda na mchoro, uwe mbaya wa penseli. Mchoro mzuri watu wazima wanausifia kwa adabu, hawausahihishi. Mstari wa penseli unafutika bure. Chuma kilichokwisha kuchomelewa nimekikata upya kwa pesa yangu, umeme wangu na aibu yangu. Narudia: nenda kabla. Vijana tunapenda kuitwa wabunifu, kukaa chini jamvini hatutaki.

Mashine ya pili ina chekeche la saizi tatu kabla ya visu, na nafasi ya visu inarekebishwa kwa skrubu. Punje nzima zinatoka, na nyingi. Nilimpelekea bibi aione mwezi uliopita. Aliitazama ikifanya kazi mpaka debe likaisha, akasema inapiga kelele.