Bega linalochomoka: uliza mfupa kwanza, tarehe baadaye

Bega likishachomoka mara ya pili, mchezaji huwa na swali moja tu: nitarudi lini uwanjani? Mimi ni kipa wa mpira wa mikono na nimefanyiwa upasuaji wa bega. Ushauri wangu ni uanze na swali jingine: mfupa umelika kiasi gani?

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kijisahani chenye kina kifupi, kilichozungukwa na ukingo laini uitwao labrumu. Bega likitokea kwa mbele, ukingo huo hubanduka. Jeraha hilo huitwa la Bankart, daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka 1923. Kama tatizo ni hilo tu, daktari hupitisha kamera kwenye vitundu vidogo na kuushona ukingo mahali pake. Shida ni kwamba kila bega linapochomoka, mfupa nao husagika. Kijisahani kikishapungua kwa robo hivi, kushona peke yake hakushiki. Hapo ndipo hufanywa upasuaji wa Latarjet, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1954: kijipembe cha mfupa wa bega hukatwa pamoja na kano zake, kikafungwa kwa skrubu pale palipolika. MRI, yaani picha ya kutumia sumaku, huonyesha labrumu vizuri, ila kwa kupima mfupa CT, yaani picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, ndiyo bora. Daktari akikupangia upasuaji bila kugusia mfupa, muulize.

Umri nao una uzito. Kijana wa chini ya miaka 20 anayecheza michezo ya kugongana, bega lake lina uwezekano mkubwa wa kuchomoka tena. Ndiyo maana wengine hushauriwa upasuaji mapema. Mkimbiaji wa makamo anaweza kutosheka na mazoezi ya kuimarisha misuli.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji mkono unaning'inia kwenye kitambaa. Andaa mashati ya vifungo, na lala umeegemea mito. Kipindi kibaya, kwa maoni yangu, ni mwezi wa tatu: maumivu yamekwisha, kocha anakuchungulia, na ndani bado hapajashikana. Michezo ya kugongana kwa kawaida husubiri miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo aliuweka mkono wangu kama wa mtu anayetaka kurusha mpira, akausukuma nyuma taratibu huku akinitazama usoni. Nilikunja uso kidogo tu, akaniambia bado.

Na ngozi ya upande wa nje wa bega ikifa ganzi, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Huenda neva imeguswa.